Mkeka Uliobeba Nondo

Nyumba yetu ya Musaga, mtaa wa mlimani mjini Bujumbura, ilikuwa na kasoro moja tu, nayo ilikuwa ardhi yake. Kuta zilisimama imara, bati halikuvuja, na maji ya bomba yalikuja siku yalipojisikia kuja. Lakini kiwanja kilikaa mteremkoni, na ule udongo mwekundu ukishanyeshewa haukukubali mguu wa mtu. Kutoka getini hadi barazani ulipanda huku umeshika miti ya ua. Mimi ni mzaliwa wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule chini, kwenye barabara zilizonyooka na ardhi tambarare, na mlima sikufundishwa. Kila masika nilikitukana kile kiwanja kwa sauti, na mume wangu akanijibu kwamba nipunguze, kwani kiwanja hakina masikio ila majirani wanayo.

Siku moja mama mkwe akaanguka. Aliishi nasi tangu alipofiwa na mumewe, na alikuwa na desturi ya kushuka getini kila asubuhi ili awasalimu wapita njia na kujua habari za mtaa kabla hazijapoa. Aliteleza, akaviringika mpaka kwenye mfereji wa maji ya mvua unaokata uwanja wetu katikati. Mfupa haukuvunjika, lakini kuanzia hapo alitembea kwa fimbo na hakushuka tena. Alikaa ndani, mdomo umefungwa, yeye ambaye hakuwahi kunyamaza hata wakati wa kula. Mzee wa umri ule ukimwacha ndani masika yote, kutoka kwake tena ni majaliwa. Mume wangu alikuwa mwanawe wa pekee, na jambo lile lilimkosesha raha. Ndipo akasema atamjengea mama yake njia ya zege.

Alikuwa fundi wa magari, gereji aliyofanyia kazi ilikuwa Asiatique, mtaa wa maduka, si mbali na duka nilikouza vitenge. Watu wa kazi ile wanapenda kupima. Jumapili moja alitoka na kamba na vigingi, akazunguka kiwanja kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. Hakutaka njia inyooke. Alisema ikinyooka itakuwa kali, mama atapanda akihema, kwa hiyo aliipinda kidogo kuelekea ua wa kushoto ili mteremko upungue. Upana ulikuwa wa kumtosha mama na mtu wa kumshika mkono. Juu ya mfereji aliweka alama za daraja dogo, na hapo, alisema, zege peke yake haitoshi, lazima iwe na nondo ndani. Na uso wa njia usiwe laini. Ufagiwe kwa ufagio wa chelewa ungali mbichi ili uache mikwaruzo ya kushika mguu. Mama mkwe alimtazama kutoka barazani, akasema kwamba baba yake marehemu alitembea miaka yake yote kwenye udongo na hakulilia saruji. Lakini nilimwona akitabasamu, na mimi pia nilifurahi.

Ilikuwa miaka ya vita. Mitaa ya Bujumbura ilikuwa imechambuliwa kama mchele, watu wa upande huu huku, wa upande ule kule, na aliyebaki mahali pasipokuwa pake alilala na viatu. Sisi Waswahili tulisema vita hivyo si vyetu. Tulikuwa na jamaa pande zote, tulizika wa pande zote, na tuliamini kwamba kwa sababu hiyo hakuna atakayetugusa. Watoto wetu tuliwapeleka Buyenzi kwa mama yangu, sisi wakubwa tukabaki Musaga kuilinda nyumba. Milio ya risasi ilishuka kutoka milimani karibu kila jioni. Mtu alizoea, akaendelea kuchagua maharage.

Kokoto, mchanga na mawe vilipatikana. Saruji iliadimika, lakini gereji ina marafiki, nayo ikaja kidogo kidogo. Tatizo lilikuwa nondo. Barabara ya kupandia Musaga ilikuwa na kizuizi, barieri kama tulivyoita, miti na mapipa yaliyowekwa na vijana wa mtaa. Mkubwa wao alikuwa mwanamume aliyeuza mkaa kabla ya vita. Pale chuma hakikupita. Walinyang'anya hata jembe, na mwenye jembe alishukuru kwamba wamechukua jembe peke yake.

Mume wangu alifikiri, akapata dawa. Alizikatisha nondo dukani ziwe urefu wa mtu. Kisha akachukua mkeka wa mama yake, akazifunga ndani, akaukaza kwa kamba mahali pa shingo, pa kiuno na pa miguu. Kwetu, mkeka uliofungwa hivyo hauulizwi. Mkristo, Mwislamu, askari, mhuni, wote huujua. Aliupakia kwenye mkokoteni, akavaa kofia yake ya kufuma, akatembea nyuma ya mkokoteni ameinamisha kichwa. Pale barieri wakaviringisha mapipa wenyewe. Mkubwa wao akavua kofia. Mume wangu alinihadithia nyumbani huku anacheka mpaka anashika mbavu, kwamba mmoja hata alisaidia kusukuma mkokoteni mlimani. Nami nilicheka. Ningekuwa mwongo nikisema niliogopa.

Aliyekataa kucheka ni mama mkwe. Ule mkeka hakuuweka kwa kukalia. Aliuhifadhi juu ya kabati pamoja na sanda yake, umesukwa na dada yake, ukisubiri siku yake, kama wafanyavyo wazee wetu wengi wasiotaka kuwasumbua watoto. Alipouona chini, umejaa kutu, alikaa kwanza.

"Mukeka ya kaburi haibebi muzigo ingine," alisema. "Ukiiamusha, inatafuta mwenyewe."

"Mama, ni nondo tu," mume wangu akasema. "Nitaufua."

"Fua. Haiko kutu ndiyo nasema."

Alikuwa hajaufua bado pale geti lilipogongwa. Ilikuwa alasiri ya siku ileile. Nilifungua, nikawakuta majirani, wanawake mbele na wanaume nyuma, kanga na vitenge vimefungwa kiunoni. Mmoja alibeba kuni kichwani, mwingine unga wa muhogo, mwingine sufuria la maharage lililofunikwa kwa sahani. Walikuwa na zile nyuso. Jirani yangu wa kushoto, mwanamke wa Kikatoliki niliyemwazima pasi naye akiniazima kinu tangu tuhamie pale, alinikumbatia, akaniambia "Mwihangane," neno la Kirundi la kumpa pole mfiwa. Wengine nao wakasema "Mwihangane," mmoja baada ya mwingine, wakipanda kwa kushika ua.

Sikuelewa mpaka nilipoelewa. Mama mkwe hakuonekana getini tangu aanguke. Mkeka uliofungwa ulikuwa umeingia kwetu mchana kweupe. Kwa mtu mwenye akili timamu, hesabu ilikuwa rahisi.

Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe mwenyewe alitokea barazani na fimbo yake.

"Nani amekufa?" akauliza.

Jirani mmoja alicheka, kicheko cha kushtuka, akajiziba mdomo. Mimi nilitaka kucheka naye. Lakini hakuna aliyetufuata. Walimtazama mama mkwe, wakatazama mkeka uliokuwa umekunjuliwa kwenye ua, na nyuso zao zikabadilika taratibu. Mzee mmoja aliyekaa nyumba ya juu yetu ndiye aliyeuliza, kwa upole.

"Sasa mu ile mukeka mulikuwa nini?"

Mume wangu alijibu upesi mno. Alisema zilikuwa ferabeto, nondo za njia ya mama, na kwamba aliogopa watamnyang'anya barieri. Aliingia ndani akatoka na moja, akaishika juu. Mzee akasema hiyo moja wameiona. Akaleta zote, akazitupa chini barazani zikalia. Walizitazama. Walitikisa vichwa kwa adabu. Na mimi nikaona kwamba zile nondo hazikusaidia kitu, kwa kuwa mtu uliyemdanganya kwa maiti hutamrudisha kwa kumwonyesha chuma. Aliyeweza kupitisha nondo kwa njia ile aliweza kupitisha chochote, na siku zile kila mmoja alijua kitu gani kinafanana urefu na nondo.

Wakaondoka. Na walichukua kuni zao, unga wao na sufuria lao. Kwetu chakula cha msiba kikishavuka geti hakirudi; hata kama umekosea nyumba, unakiacha. Jirani yangu wa kushoto alisitasita na lile sufuria, akanitazama, kisha mumewe akamwita naye akateremka nalo. Mama mkwe aliwasindikiza kwa macho mpaka wa mwisho.

"Wamerudisha," akasema. "Watakileta tena. Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

Nilimwambia aache uchuro. Nilimwambia kwa ukali, na alinisamehe, kwa maana alikuwa ananijua.

Kesho yake mkubwa wa barieri alikuja. Hakugonga, alisimama tu getini mpaka mume wangu akashuka. Nilikuwa naanika nguo, nikasikia kila neno. Hakupandisha sauti. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonitoa jasho.

"Mzee," alisema, "nilitosha kofia juu ya ile mukeka." Kutosha, kwao, ni kuvua.

"Nisamehe, ndugu yangu. Zilikuwa nondo tu."

"Mi niliitosha kofia. Na bale bijana wangu waliona natosha."

Akaenda zake. Mume wangu alipanda akakaa kwenye ngazi ya baraza, na mara ya kwanza nikamwona hana la kupima.

Niseme wazi tulichoogopa, maana wakati ule hatukukitamka. Barabara ya chini yetu kulikuwa na mtu aliyechimba shimo la choo. Shimo tu, la choo. Likasemwa kuwa ni la kuficha silaha, askari wakaja wakamchukua, na mkewe alikuwa bado anakwenda kila siku kwenye geti la kambi na chakula ndani ya kikapu. Nasi tulikuwa tumeshaingiza kitu kilichofungwa, tukasema uongo juu yake, na sasa tulitaka kuchimba uwanja mzima na kuufunika kwa zege. Tukichimba, watasema tunazika bunduki. Tukiacha, watasema tuliogopa kuonekana tunazika. Na saruji ilikuwa inanyonya unyevu stoo, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya ziwa. Mume wangu angeweza kuchukuliwa kwa kuchimba na angeweza kuchukuliwa kwa kutochimba.

Mimi ndiye niliyesema: basi wachimbe wao. Nilisema kwa hasira, na baada ya kulisema nikaona ni jambo la maana. Warundi wana kazi wanayoiita ikibiri, ambapo mtaa au mlima mzima unakuja kumlimia mmoja, kisha unakwenda kwa mwingine. Waje wachimbe, waone chini. Kila nyumba ilete jiwe na ilitie yenyewe kwa mkono wake. Mficha uchi hazai. Mume wangu akasema kwamba gereji ilikosea kumwajiri yeye badala yangu.

Nikapita nyumba kwa nyumba. Nilitania, nilibembeleza, na mahali pengine nilisema ukweli, kwamba nataka waje waone. Kizingiti kilikuwa pombe. Ikibiri haifanywi bila pombe, na nyumba yetu haikuingiza pombe.

"Kazi bila kinywaji ni adhabu, mama," mzee wa juu alinilalamikia. "Utatupa chai kama watoto ya skuli?"

Jirani yangu wa kushoto akaokoa. Alisema yeye atakorogea urwarwa, ile pombe ya ndizi, uwanjani kwake, wanaotaka wataruka ua, wasiotaka watakunywa chai yangu, na Mungu atajua nani alikuwa upande gani. Tulicheka pamoja kama zamani. Nilirudi nyumbani miguu myepesi.

Wakaja. Sikutegemea watakuja wengi vile. Walichimba kufuata kamba za mume wangu, wakatupa udongo kando, na kila mmoja alifika na jiwe, wengine mawe ya mto, wengine kipande cha ukuta wa nyumba iliyoungua. Mume wangu alikuwa hapa na pale, anaonyesha jiwe kubwa likae chini na dogo lizibe pengo, anasuka nondo zake juu ya mfereji kwa waya mwembamba, huku anawaita waone. "Angalieni vizuri," alisema mara kwa mara, mpaka nikamkanyaga mguu anyamaze. Watu walikuwa wanaruka ua na kurudi wakinuka ndizi. Mama mkwe alikaa barazani akiamuru kila mtu, na kila mtu akamjibu "ndiyo, mukecuru," yaani bibi kizee kwa Kirundi.

Mkubwa wa barieri naye alikuja. Hakubeba jiwe. Alichuchumaa ukingoni mwa mtaro, akala maandazi yangu, akatazama mpaka jiwe la mwisho lilipoingia.

"Muliona wote?" mume wangu akauliza, mikono kiunoni.

"Tumeona," wakasema.

"Mi pia niliona," mkubwa wa barieri akasema, akajipangusa mafuta kwenye suruali.

Ndipo zege ikachanganywa kwenye bati kuukuu, kokoto, mchanga na saruji, ikageuzwa kwa koleo mpaka rangi ikawa moja, ikamwagwa. Mume wangu aliweka vipande vya mbao katikati ya kipande na kipande ili ikipasuka ipasuke anapotaka yeye. Akaisawazisha kwa ubao mrefu, akaipa mwinamo kidogo upande mmoja maji yasikae, na jioni akaifagia kwa chelewa. Tukaifunika magunia, tukayamwagia maji asubuhi na jioni ili zege isikauke upesi ikavunjika. Mume wangu aliyamwagia kwa makini, kana kwamba anaogesha mtoto. Usiku risasi zililia milimani, nami nililala. Niliamini tumepona. Penye wengi hapaharibiki neno, mume wangu alisema, na mimi nilikubali kabisa.

Zege ilipokomaa alimshika mama yake mkono, wakashuka. Mama alipapasa kwa fimbo kwanza, akakanyaga, akakanyaga tena. Alisema imekuwa ngumu kama moyo wa mkwe wake, maana yake mimi. Kwenye daraja alisimama, akachungulia mfereji uliomwangusha, akautemea mate. Akafika getini. Alikaa pale asubuhi nzima akiwasalimu watu waliokuwa wamekuja kumlilia, akiwauliza habari za watoto wao, na waliitika wote. Alipanda mwenyewe, bila mkono wa mtu, mwanawe nyuma yake hatua moja, mikono imetangulizwa. Hiyo ndiyo picha ninayoichagua nikitaka kulala.

Askari walikuja asubuhi, masika yakiwa yamechanganya. Mtaa wote ulikuwa unapekuliwa, lakini kwetu hawakuanza na makabati. Waliingia getini, wakapanda ile njia moja kwa moja, na mkubwa wao akasimama juu ya daraja. Alipiga buti chini.

"Hapa chini iko nini?"

"Mawe, afande," mume wangu akasema. "Na ferabeto za kushika daraja."

"Nani aliona?"

"Wote waliona. Mtaa mzima. Walichimba wao."

Alisema hivyo karibu kwa furaha, kama mtu aliyeweka akiba akaiendea. Majirani walikuwa wameshatolewa nyumba zao, wamesimama kando ya ua na getini. Afande akawageukia. Hakuwa na haraka wala hakutukana. Akawauliza mmoja mmoja.

Mzee wa juu alisema alileta jiwe, akalitia, akaenda zake. Mwingine alisema siku ile alikuwa kazini mjini, nami nilimwona kwa macho yangu akila andazi la pili. Mwingine alisema aliona mawe, lakini chini ya mawe hakuona. Hakuna aliyesema neno baya. Hakuna hata mmoja aliyesema kuna silaha. Walisema tu kwamba hawajui, kwa sauti za watu wanaoulizwa njia ya mtaa ambao si wao. Jirani yangu wa kushoto alifungua mdomo. Nililiona neno likija. Mumewe alimshika kiwiko, taratibu, na neno likarudi lilikotoka. Sikumchukia wakati ule. Nilimchukia baadaye, miaka mingi, mpaka nikachoka.

Mkubwa wa barieri ndiye wa mwisho.

"Mi niliona mukeka ikipita," alisema. "Hiyo ingine sijui."

Mume wangu alipewa nyundo kubwa avunje mwenyewe. Alianza kwenye ungio, pale alipoweka ubao, ili kipande kimoja kitoke na vingine vibaki vizima. Nilitambua anachofanya na nikauma kitambaa changu. Alikuwa anavunja kwa namna ambayo ataweza kutengeneza. Zege ilikuwa nzuri, ilikataa muda mrefu. Ilipofunguka, nondo zikaonekana, na chini yake mawe ya watu, na chini ya mawe udongo. Askari akachimba kwa koleo mpaka maji yakatoka. Hapakuwa na kitu. Walivuta nondo moja, wakaipindapinda, wakaitupa.

Nilidhani imekwisha. Kweli nilidhani hivyo. Lakini afande akasema waende naye kidogo waongee, habari ya mkeka ule haijaeleweka, na alasiri atarudi. Mume wangu akaomba kunawa mikono, wakamruhusu. Alivaa viatu. Mama mkwe alikuwa amesimama barazani na fimbo yake, anaita jina lake la utotoni. Mume wangu alishuka ile njia aliyoipinda ili isiwe kali, akalivuka lile shimo, akageuka kwangu.

"Usimwache mama apite hapa," akasema. "Atajikwaa."

Nilikwenda kwenye geti la kambi kila siku na kikapu. Nilimkuta pale mwanamke wa barabara ya chini, yule wa shimo la choo, akanisogezea nafasi ukutani bila kuniuliza kitu. Siku za mwanzo chakula kilipokelewa, sahani ikarudi tupu, na sahani tupu ilikuwa barua yangu. Kisha siku moja askari wa getini alikitazama kikapu changu, akanirudishia kama kilivyo, wali umefunikwa. Nilimwuliza kwa nini. Akasema nirudi nyumbani, mama. Yule mwanamke akanishika bega. Hatukupewa mwili, wala mahali, wala neno.

Habari ilifika Musaga kabla yangu. Nilikuwa sijakaa hata kidogo geti lilipogongwa. Walikuwa wao, wanawake mbele na wanaume nyuma, vitenge kiunoni, kuni, unga wa muhogo, na lile sufuria la maharage limefunikwa kwa sahani. Nyuso zilezile. Walipanda kwenye zege wasihitaji kushika ua, na kwenye daraja lililovunjwa walikanyaga juu ya mawe, yale mawe waliyoyaleta wenyewe. "Mwihangane," walisema. Mkubwa wa barieri alikuwa nyuma kabisa. Alikuwa amevua kofia.

Nilikuwa na matusi ya kuwatosha wote, nayajua matusi ya lugha nne. Kabla sijaanza, mama mkwe aliingia ndani na fimbo yake, nikasikia kabati likifunguliwa. Alitoka na mkeka wake umekunjwa chini ya kwapa, umefuliwa, ila kutu ilikuwa imeacha michirizi isiyotoka. Aliutandika barazani mbele yao, akaunyoosha pembe kwa ncha ya fimbo.

"Kaeni," akawaambia. "Kaeni hapa. Mutu wa kulala mu hii mukeka munajua hayuko."

Hakuna aliyekaa. Walisimama wametazama ule mkeka, mizigo mikononi, na mvua ikaanza tena. Mwishowe jirani yangu wa kushoto aliliweka sufuria chini, kwenye zege, na wengine wakaweka kuni na unga kando yake. Safari hii walishuka mikono mitupu.